Nilikuwa Naangalia Mpira

Jumatatu, 4 Aprili

Naanza kuandika mwenyewe kwa sababu nimechoka kungoja mtu mwingine aandike. Magazeti ya Melbourne yalinitaja enzi zangu, lakini Polkinghorne ni jina refu. Mwandishi akipiga chafya katikati, herufi tatu zinapotea. Ndiyo maana dunia nzima inaniita Polky. Vern Polky, mguu wa kushoto. Siku moja nilipiga mpira ukapita kati ya nguzo, ukapita juu ya watu, ukaangukia paa la tramu, na tramu ikaondoka nao hadi mwisho wa reli. Asiyeamini amtafute dereva.

Shule niliiacha mapema nikaenda kukata kondoo manyoya, kwa hiyo atakayeona kosa humu alisahihishe kimyakimya. Kutoka kwenye manyoya nikaenda ligi kubwa ya jiji, ya mpira wetu wa Australia, ule wa mguu na mikono: mechi sitini na moja, halafu goti likasema basi. Tangu hapo nimefundisha timu tano za mashambani. Zote tano zimenifukuza, mbili kwa heshima.

Tarranook ni ya sita. Kanisa la Kilutheri, baa, duka la mikate, maghala ya ngano marefu kuliko kanisa, na uwanja ambao leo asubuhi ulikuwa na kondoo ndani. Rais wa klabu ni Alwyn Jaensch, muuza mbolea, mtu asiyecheka bila kibali. Amenipokea pale langoni.

"Polky," kaniambia, "mwaka jana ukame umetumaliza. Watu wamepiga risasi kondoo wao wenyewe. Kombe hatujalishika tangu mimi nina nywele. Wape watu kitu cha kupigia honi."

Maana hapa watu hutazama mechi wakiwa ndani ya magari, yamezunguka uwanja pua ndani, na kila goli ni honi.

"Utazisikia honi hizo hadi kaburini," nikamjibu.

Hiyo ndiyo sababu yake. Sababu yangu ni nyingine: kutoka hapa hadi Birrim ni nusu saa kwa gari, na Birrim ndiko aliko mwanangu.

Ijumaa, 8 Aprili

Nimekwenda. Rohan alikuwa anakaza waya wa uzio kwenye shamba la mjomba wake. Ana miaka ishirini, na mabega yangu ya zamani anayavaa yeye sasa. Tangu mama yake, Noreen, aniache (na alikuwa na haki, nilikuwa nyumbani kama mvua ya mwaka jana), nimemwona Rohan kwa msimu, kama kodi.

"Njoo ucheze kwangu," nikamwambia. "Nikupe jezi yoyote."

"Nina timu, mzee."

"Una timu ya mama yako."

"Ndiyo timu yenyewe."

Halafu akaniambia jambo, akiwa ameinamia waya ili nisimwone uso. Watu wa ligi kubwa walikuja kumtazama Machi. Novemba wanamtaka jijini kwa mazoezi. Nikapiga teke debe la misumari.

"Mguu umeutoa kwangu," nikasema baadaye. "Akili umetoa kwa mama yako, ashukuriwe Mungu."

"Kila mtu anasema hivyo," akasema, na akacheka.

Sasa naandika ninachokitaka, ili nisije nikajidanganya: nataka siku atakayovaa jezi ya jiji anipigie simu mimi. Si lazima wa kwanza. Hapana, nasema uongo. Wa kwanza.

Jumamosi, 16 Aprili

Tumeshinda. Vumbi tupu. Mpira ukidunda unapotea kwenye wingu na wachezaji kumi wanaingia kuutafuta.

Jumamosi, 30 Aprili

Tumeshinda. Lyle Zanker, mfungaji wetu, magoli saba. Lyle ana urefu wa mlango, sala fupi na ngumi ndefu. Katika robo ya mwisho, maana mechi yetu ina robo nne, beki wao alimkanyaga kidole. Kidogo baadaye beki alikuwa amelala na hakuna aliyejua kwa nini. Mwamuzi mmoja amemshtaki Lyle.

Jumanne, 3 Mei

Baraza la nidhamu la ligi, ukumbi wa zimamoto. Mtetezi wa klabu ni mimi. Kote nilikofundisha mtetezi nimekuwa mimi. Wanasheria wana vyeti, mimi nina mdomo. Wazee watatu mezani, katikati mwenyekiti, Bwana Tilley, aliyekuwa mnunuzi wa sufu, mtu wa kushika kila kitu kama anapima unene wake.

Beki aliingia na nyuzi sita mdomoni.

"Kijana," akasema Tilley, "mshtakiwa alikupiga?"

"Sijui, mwenyekiti. Nilikuwa naangalia mpira."

"Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja."

"Ndiyo, nilikuwa nauangalia kwa mbali."

"Na hizo nyuzi?"

"Niliteleza."

"Ukaangukia nini?"

"Nadhani kulikuwa na kiwiko cha mtu ambaye naye aliteleza."

Hata wazee walicheka. Lyle akaachiwa. Nje, karibu na pikapu, Lyle na beki walipeana mikono.

Wasiocheza hawawezi kuelewa. Kilichotokea uwanjani hukiachi mdomoni mwa mtu mwenye koti na tai. Aliyepigwa ndiye anayemlinda aliyempiga, na asiyeweza hilo aende akacheze tenisi. Rohan nilimfundisha hili akiwa na miaka kumi, mezani jikoni. Mimi mwenyekiti, yeye mpigwaji, uma ndio kalamu ya karani. "Nani alikuvunja jino?" "Nilikuwa naangalia mpira!" Noreen alikuwa anaosha vyombo, akasema, "Unamfundisha mtoto uongo," nami nikasema, "Namfundisha uungwana."

Alhamisi, 19 Mei

Mvua! Mvua ya kweli. Mazoezini hakuja mtu, wote wako kwenye matrekta wanapanda ngano. Nimefanya mazoezi na mbwa wa Jaensch. Anadaka vizuri kuliko mabeki wangu wawili.

Jumamosi, 28 Mei

Mvua. Tumeshinda.

Jumamosi, 4 Juni

Mvua. Tumeshinda. Watu wananisalimu mimi kabla ya mchungaji.

Jumapili, 19 Juni

Rohan amekuja kula kwangu. Amekuja mwenyewe, sikumwita mara mbili. Nilichoma paja la kondoo likawa jeusi kama kiatu, akala lote.

"Mama anasema wewe hukujua kupika hata enzi zenu."

"Mama yako anasema mengi ya kweli, usimzoee."

Halafu tukatoka na mpira. Uwanja una kondoo siku za wiki, wanakula majani. Tukapigiana mpira katikati yao hadi kondoo wakachoka kuhama, wakalala, naye akacheka. Mpira wetu huu una umbo la yai, ukidunda hujui unakokwenda, yeye anajua. Anaupiga kwa kushoto, unaruka chini chini, unageuka mwishoni kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nilikuwa mzuri, narudia, lakini sikuwa hivi.

"Novemba nikifika," akasema akiwa anavua viatu, "nitakupigia. Uniambie wanavyopenda ufanye."

"Wanapenda ufunge."

"Mzee, nasema kweli."

"Na mimi pia. Piga simu. Nitakuwa nimekaa juu yake."

Jumamosi, 25 Juni

Mvua. Tumeshinda.

Jumamosi, 16 Julai

Tumepoteza kwa pointi moja. Tope hadi magotini. Jumamosi ijayo ni Birrim, uwanjani kwetu. Baa nzima inaniuliza nitafanyaje na namba tisa wao. Nimewaambia: huyo nimemtengeneza mimi, najua skrubu ziko wapi. Wamecheka sana.

Jumamosi, 23 Julai

Nitaandika yote.

Kabla ya mechi nilisimama mbele ya vijana, chumbani, mafuta ya mkalitusi ya kuchulia misuli yananuka hadi machoni. Nilijua wanachofikiria. Wanadhani Polky atamlinda mwanawe. Nikataka kukimaliza palepale, na nikataka wacheke, maana timu inayocheka inakimbia.

"Namba tisa wao ni damu yangu," nikasema. "Mnamjua. Ni mzuri kuliko ninyi nyote, na si kosa lenu, mama zenu hawakunijua mapema." Wakaangua kicheko. "Sasa sikilizeni. Leo hana baba. Msimwonee haya. Kila akipita, ajue amepita Tarranook."

Wakapiga miguu chini. Lyle alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Hakucheka wala hakupiga miguu. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayepokea kazi.

Mvua ndogo, baridi, magari yamejipanga pande zote. Rohan alicheza robo mbili za kwanza kama anatembea sebuleni kwake. Magoli manne. Honi za Birrim zilikuwa upande wa mashariki, zikilia kama harusi. Nilikuwa nawafokea mabeki wangu, na moyoni nilikuwa nasema, tazameni, tazameni mtoto wangu.

Robo ya tatu. Mpira ukarushwa kwenda mwisho wa pili, karibu na maghala. Watu wote wakageuka, waamuzi wakakimbia nao, vichwa ndani ya magari vikageuka. Rohan alikuwa amebaki katikati, mikono kiunoni, anapumua. Lyle akaja kutoka nyuma yake, kwa mwendo wa kawaida. Rohan akageuza uso, nadhani alisikia tope. Ngumi ikampata hapo hapo.

Uwanja mzima ulikuwa unaangalia mpira. Mimi nilikuwa namwangalia mwanangu. Siku nzima nilikuwa namwangalia yeye.

Hakuanguka kama mtu aliyeteleza. Aliketi chini polepole, akaweka kiganja juu ya jicho la kushoto, na damu ikatoka kati ya vidole. Mwamuzi wa goli, yule wa koti jeupe, aliona mkono ukirudi, hakuuona ukienda. Akaandika jina la Lyle kwenye kadi.

Noreen alitoka kwenye gari la kaka yake akakimbia katikati ya uwanja kwa viatu vya kanisani. Mimi nilifika mstarini nikasimama. Kocha akiingia uwanjani mchezo unasimama, na tulikuwa nyuma kwa goli moja, yaani pointi sita. Naandika hivyo kama ilivyokuwa. Gari la wagonjwa lilimchukua, Noreen ndani, na mimi nikabaki.

Tumeshinda kwa pointi mbili. Vijana waliimba wimbo wa klabu, wameshikana mabega, na Jaensch alicheka. Mimi nilikuwa natafuta funguo za gari.

Jumapili, 24 Julai

Hospitali. Mfupa unaozunguka jicho umevunjika, na nyuma ya jicho kitu kimechanika ambacho hakishoneki. Daktari ni kijana, amesema kwa upole: jicho hilo halitaona tena. Nikamuuliza kuhusu Novemba. Alidhani namuuliza habari ya upasuaji.

Rohan alikuwa amelala, kichwa kizima kimefungwa. Nilimwambia kichekesho, kile cha mchungaji na kondoo dume. Midomo ikasogea kidogo.

"Mzee," akasema. "Glasi pale mezani. Nilinyoosha mkono nikashika hewa."

Nikatoka.

Noreen alinisubiri kwenye korido.

"Uliona?"

"Niliona."

"Basi sema. Mara moja katika maisha yako, Vern, sema kitu kwa sababu ni kweli."

Jumatatu, 25 Julai

Jaensch amekuja na Lyle. Lyle alisimama kwenye zulia langu akizungusha kofia mkononi, kichwa karibu kiguse taa.

"Sikukusudia jicho, kocha," akasema. "Nilikusudia shavu."

"Asante kwa kuniambia."

"Ulisema tusimwonee haya."

"Najua nilichosema, Lyle."

Jaensch akakohoa. "Kesho wewe ndiye mtetezi, kama kawaida. Mwamuzi wa goli hana uhakika. Kijana wako ni mchezaji halisi, atasema wanachosema wachezaji. Lyle atakuwepo fainali. Hatuna ubaya na mtu, Polky. Ila mji huu..."

"Mji huu unataka honi."

"Mimi nimepoteza kondoo mia nne mwaka jana," akasema Jaensch, kwa sauti nyingine kabisa. "Nataka kitu kimoja kiende vizuri."

Nimemwambia nitakuja. Sikumwambia nitasema nini. Nitasema kweli. Mtoto wangu hawezi kusema, amefungwa na uungwana niliomfunga mimi. Nitamfungulia. Atajua kwamba baba yake, mbele ya watu, alimchagua yeye. Nimepiga pasi suruali.

Jumanne, 26 Julai

Ukumbi wa zimamoto, wazee walewale watatu. Watu wamejaa hadi kwenye ngazi, Tarranook kushoto, Birrim kulia. Noreen mstari wa mbele, mkoba magotini.

Rohan aliingia akiwa na kitambaa jichoni. Mlangoni aligonga bega kwenye fremu, akaiomba radhi, watu wakacheka kidogo kwa huruma. Akaketi.

"Pole sana, kijana," akasema Tilley. "Mshtakiwa, Bwana Zanker, alikupiga?"

Rohan alimgeukia Lyle, akageuza kichwa chote. Walitazamana.

"Nilikuwa naangalia mpira, mwenyekiti."

Nilisikia watu wa pande zote mbili wakivuta pumzi kwa heshima. Si uongo: kwa heshima. Mzee mmoja wa Tarranook aliyekuwa nyuma yangu akasema chini chini, "Huyo ni mwanamume." Rohan alikaa wima. Jicho alilobaki nalo lilikuwa linang'aa.

"Bwana Polkinghorne," akasema Tilley, "una swali kwa shahidi?"

Ningesema "sina," yangeisha.

"Sina swali, mwenyekiti," nikasema. "Nina ushahidi. Mimi sikuwa naangalia mpira."

Jaensch akasema, "Polky, kaa chini," kama anamwambia mbwa.

Sikukaa. Nilieleza Lyle alitoka wapi, alikwenda kwa mwendo gani, mkono gani. Tilley akamuuliza Lyle ana la kusema. Lyle akasimama: "Kocha alisema tusimwonee haya." Nikasema ni kweli, nilisema, na kama kuna adhabu ya kusema na mimi nipewe. Ningeishia hapo. Lakini ukumbi wote ulikuwa unanisikiliza, na mdomo wangu ukisikilizwa hauna breki. Nikaanza na mechi sitini na moja za jiji. Nikasimulia mguu wa mtoto, jinsi mpira wake unavyogeuka, na Novemba, na jezi ambayo hataivaa. Nikasema, "Mmemsikia akisema hakuona, sasa ni kweli, haoni." Mama mmoja wa Birrim akalia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajua kwamba nimesema vizuri.

Nilipogeuka, Rohan alikuwa anaangalia sakafu, masikio mekundu kama mtoto aliyevuliwa nguo sokoni.

Lyle amefungiwa mechi kumi. Rohan alitoka kwa mlango wa nyuma, mkono ukutani.

Jumatano, 27 Julai

Mvua. Simu haijalia.

Alhamisi, 28 Julai

Jaensch amekuja mwenyewe, hakutuma mtu, hilo nampa.

"Si kwamba ulisema uongo, Polky."

"Najua."

"Ungesema uongo, Septemba tungekuwa fainali."

Nimefukuzwa mara ya sita, bila heshima. Katika zote hii ndiyo nimeielewa.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimeisikiliza mechi nikiwa jikoni. Upepo ukitoka uwanjani honi zinafika. Ni chache.

Jumanne, 9 Agosti

Duka la mikate. Mama wa pale amenipa pai ya nyama ya jana, akaifunga vizuri kwa karatasi, akasema "karibu tena" kwa mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Jumapili, 14 Agosti

Nimekwenda Birrim. Ngano imefika magotini, kijani kila upande. Wazee wanasema hawajaona mwaka kama huu. Rohan alikuwa kwenye uzio. Anakosea msumari kwa nyundo, anapiga pembeni, anasogeza kichwa, anapiga tena. Nilisimama upande wa pili wa waya.

"Nikushikie?"

"Hapana."

"Rohan, yule mtu amekutoa jicho. Ningefanya nini?"

Akaweka nyundo chini.

"Kila mtu mle ndani alijua nani alinipiga. Tilley alijua. Mbwa wa Jaensch anajua. Ulidhani nilisema vile kwa sababu naogopa? Sina jicho, mzee. Sina Novemba. Kitu kimoja tu kilichobaki cha kuonyesha kwamba nilikuwa mchezaji ni kwamba nilikaa kwenye kiti kile na sikumsemea mtu. Dakika moja. Nilikuwa nacho dakika moja. Halafu ukasimama, ukanifanya mwongo mbele ya wilaya nzima, na ukaniombea machozi."

"Nilikutetea."

"Ulijitetea wewe. Hata tramu ilibaki kidogo uitaje."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha, jinsi tulivyozoea. Haukuwa mzaha.

Noreen alikuwa kwenye baraza ya nyumba. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliniambia niseme."

"Nilikwambia useme, Vern. Sikukwambia uhutubie."

Jumamosi, 20 Agosti

Mvua.

Alhamisi, 25 Agosti

Dereva wa maziwa amenipa habari bila kuombwa: pikapu ya Lyle Zanker imeonekana Birrim, kwenye shamba la shemeji yangu wa zamani. Nikasema amekwenda kuomba radhi, vyema. Akasema siyo leo tu, imekuwa pale wiki nzima, na juu yake kuna magogo ya uzio.

Jumamosi, 3 Septemba

Nusu fainali. Tarranook imefungwa vibaya. Aliyechukua nafasi ya Lyle ni karani wa posta. Mtu amepita mbele ya nyumba yangu akapiga honi, ndefu, mkono haukutoka hadi alipofika kanisani.

Jumatatu, 5 Septemba

Nimempigia Noreen. Ndiyo, Lyle anakuja kila siku baada ya kulisha mifugo yake. Anachimba mashimo, Rohan anaweka nguzo. Siku ya kwanza alisimama getini bila kusema, Rohan akamwambia, "Kama umekuja kusimama, shika hii." Basi, ndiyo mazungumzo yote.

"Na wewe unamlisha?" nikauliza.

"Anakula sana," akasema Noreen. "Mimi siwezi kumtazama usoni. Namwekea sahani naondoka. Lakini Rohan anamngoja, Vern. Saa nane ikifika anaangalia barabara."

Jumamosi, 17 Septemba

Birrim wamechukua kombe. Sikwenda.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimekwenda leo mchana, kwenye baa ya Birrim. Timu ikishinda kombe inakunywa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Wengine walikuwa bado wamevaa jezi, tope limekauka mgongoni. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno matatu: hongera kwa timu. Matatu tu, kisha nifunge mdomo. Kwa mtu kama mimi ni kazi ngumu kuliko kukata kondoo mia.

Nilipoingia sauti zilishuka. Rohan alikuwa kaunta, kwenye kona. Kushoto kwake, upande wa giza, alikaa Lyle Zanker. Rohan alikuwa anasimulia kitu huku ananyoosha mkono kutafuta glasi, na mkono ukafika mfupi. Lyle, bila kutazama, aliisukuma glasi kidogo ikakutana na vidole. Wakaendelea. Si mara ya kwanza wala ya kumi. Halafu Rohan akacheka, kile kicheko nilichokisikia siku ya kondoo waliochoka kuhama.

Lyle ndiye aliyeniona.

"Kocha," akasema. "Njoo ukae." Akavuta kiti upande wake wa pili.

Rohan akageuka, kichwa kizima. Alinitazama. Nilitafuta hasira, maana hasira naijua, hasira hupoa. Sikuiona.

"Hongera kwa timu," nikasema.

"Asante," akasema, kama unavyomwambia mtu aliyekufungulia mlango. Akamgeukia Lyle: "Kesho kwenye uzio." Akachukua glasi yake akaenda mwisho wa pili wa kaunta, kwa wenzake, vidole vikipita juu ya ubao ili asigonge mtu. Wakampisha, na mgongo wake ukawa kwangu.

Nilikaa.

"Mpe muda, kocha," akasema Lyle.

"Wewe alikupa muda gani?"

Lyle si mtu wa kujibu haraka, na hana ubaya ndani ya maneno yake, ndiyo maana yanaingia hadi mfupani.

"Mimi nilimpiga tu," akasema.

Mtu wa kaunta alipita mbele yangu mara mbili akifuta pale palipokuwa pakavu. Hatimaye Lyle akainua vidole viwili, akaletewa bia mbili, akanisogezea moja. Nikatazama chumba chote, nyuso zote ambazo zamani ningezichekesha, nikaona kwamba humo ndani hakuna mwingine ambaye angekunywa nami.

Nikainywa.